Shajara ya mradi: Kunywa chai mahali pasipo na juu wala chini

Jumatatu

Swali lilitoka kwa binti wa kidato cha pili: "Mwalimu, mwanaanga akishikwa na kiu akiwa nje ya chombo, anakunywaje?" Kabla sijafungua mdomo, klabu nzima ilikuwa imeshajibu. Huyu anasema maji yataelea, yule anasema yataganda, na mbishi wetu anayekaa karibu na dirisha anasema yatachemka. Nikayaandika majibu yote matatu ubaoni na sikufuta hata moja, maana yote ni ya kweli, kila moja na mahali pake. Shida ni kwamba walikuwa wanachanganya vitu viwili: ombwe, yaani mahali pasipo na hewa, na hali ya kukosa uzito. Ukiangalia picha za wanaanga unaweza kudhani ni kitu kimoja. Hata kidogo.

Basi mradi wa siku ya sayansi umeshapatikana, nao ni wa meza mbili. Meza ya kwanza itaonyesha ombwe linavyokifanya kinywaji. Ya pili itaonyesha kinywaji kikikosa uzito kinakwenda wapi. Nimesema zitenganishwe kwa upana wa chumba, mgeni aimalize moja ndipo aiendee nyingine.

Hesabu ya kuanzia tuliifanya palepale. Ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga hakuna ombwe lolote. Hewa ya mle ina kanieneo, yaani nguvu inayobana kila inachokigusa, ya kilopaskali 101.3, sawasawa na usawa wa bahari. Sisi hapa Moshi tuko kama mita 900 juu ya bahari, hewa yetu ni takriban kilopaskali 91, na maji ya chai yanachemka yakifika nyuzijoto 97 hivi. Kwa hiyo mwanaanga aliye kilomita 400 juu ya vichwa vyetu anapumua hewa ya Tanga, na sisi tuliokanyaga udongo tunapumua nyepesi kuliko yake. Mbishi hakukubali mpaka alipoifanya hesabu mwenyewe.

Jingine lililowashangaza ni kwamba mvutano wa dunia haujaisha huko juu. Katika kimo hicho bado upo karibu sehemu tisa kati ya kumi za huu wetu. Kinachoondoa uzito ni kuanguka. Kituo, watu na maji yao vinaanguka pamoja, huku vikienda mbele kilomita 7.7 kwa sekunde, kiasi kwamba dunia inajikunja chini yao kabla hawajaifikia. Hapo ndipo bajeti yetu ilipookoka. Roketi hatuna, lakini kuanguka tunakuweza.

Jumatano: meza ya kwanza, chupa na mrija

Jaribio la bei nafuu kuliko yote. Unachukua chupa ya soda ya kioo, unaijaza maji hadi pomoni, unapitisha mrija kwenye kizibo kilichotobolewa, halafu unaziba pembeni kwa gundi ya moto pasibaki upenyo. Mwambie mtu anywe. Anapata tone la kwanza, kisha mashavu yanaingia ndani, macho yanatoka, maji hayaji. Toboa tundu la pili kwa sindano, dogo tu, na maji yanapanda mara moja.

Karibu kila mtu anaamini kwamba anaponyonya mrija anavuta kinywaji. Mdomo hauvuti kitu. Unapunguza tu kanieneo ndani ya mrija, na hewa ya nje ndiyo inayosukuma maji yaje kwako. Hewa isipopata njia ya kuyasukuma, unyonye hadi kesho.

Tukarudia kwa chupa ya plastiki laini na kizibo kilekile. Safari hii maji yalikuja vizuri, ila chupa ilibonyea na kujikunja. Hapo nikawasimamisha, kwa sababu pakiti ya kinywaji cha angani inafanya kazi hivyohivyo. Ni mfuko bapa wa plastiki na karatasi ya alumini, ndani umetiwa unga wa kahawa, chai au juisi, hewa yote imetolewa. Mwanaanga anaupachika kwenye mtambo wa maji, anachagua ya moto au ya kawaida, anasubiri unga uyeyuke, anachomeka mrija. Hewa ya kituo inaubana mfuko kutoka pande zote kadiri unavyopungua. Uzito hauhusiki katika kazi hiyo, kwa hiyo kukosa uzito hakuiharibu.

Mrija wa huko una kibanio. Usipoubana ukimaliza kunywa, kinywaji kinaendelea kutoka chenyewe na kutengeneza tufe kwenye ncha, na tufe likikatika linaanza safari yake kuelekea kompyuta ya mtu. Sisi tumetumia kibanio cha nguo.

Kuhusu kumeza: kabla ya 1961 wapo madaktari waliohofu kwamba bila uzito chakula kitakwama kooni. Yuri Gagarin alipozunguka dunia Aprili 12 mwaka huo alikula na kunywa, hofu ikaisha. Koo halitegemei kumiminika, misuli yake inabana kwa mawimbi na kusukuma tonge kuelekea tumboni. Kijana mmoja alithibitisha kwa kuning'inia kichwa chini kwenye bomba la goli huku akinywa maji kwa mrija. Nimemkataza kurudia siku ya maonyesho, mama yake atakuwepo.

Jumamosi: sufuria

Leo ombwe lenyewe. Pampu tumeazima kwa fundi friji wa jirani, ile anayotumia kutoa hewa kwenye mabomba kabla ya kujaza gesi. Chombo ni sufuria nene ya presha, kifuniko chake tumekibadilisha kwa akriliki ya unene wa milimita 25 ili tuone ndani, na gasketi tumekata kwenye tyubu ya lori. Kabla ya kuwasha niliwapigisha hesabu. Kifuniko kina kipenyo cha sentimita 24. Hewa ya ndani ikiisha, ya nje inakikandamiza kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 420 hivi, kama fahali mzima amelala juu yake. Kuanzia hapo hakuna aliyeomba kusogea bila miwani ya kinga.

Ndani tuliweka bilauri ya maji ya nyuzijoto 37, joto la mwili, na kipimajoto. Pampu ikawashwa. Kwa muda hakuna kinachoonekana. Kisha vipovu vidogo vinaanza kung'ang'ania kuta za bilauri, hiyo ni hewa iliyokuwa imeyeyuka majini, bado si mchemko. Halafu geji ya fundi ikakaribia kilopaskali 6, na maji yakalipuka. Yalitokota kwa fujo, mapovu makubwa, yakirukia kioo, na kipimajoto hakikupanda hata nyuzi moja. Kilianza kushuka.

Kilopaskali 6.3 ndiyo kanieneo ya mvuke wa maji kwenye joto la mwili. Hewa ya nje inafikia kiwango hicho kwenye kimo cha karibu kilomita 19, na kimo hicho kinaitwa mpaka wa Armstrong, kwa jina la Harry Armstrong, daktari wa jeshi la anga la Marekani. Siyo Neil wa mwezini, ingawa kila mtu atauliza. Juu ya mpaka huo, majimaji yoyote ya mwili yaliyo wazi, mate, machozi, unyevu wa mapafu, yanachemka kwa joto lako mwenyewe. Wapagazi wa Kilimanjaro wanaijua njia ya kuelekea huko: Uhuru, mita 5,895, maji yanachemka kwenye nyuzijoto 80 hivi na maharage hayaivi.

Jaribio la pili ndilo lililonifurahisha zaidi. Tuliweka kijiko kimoja cha maji kwenye kifuniko cha chupa, kikakaa juu ya kipande cha godoro ili kisipate joto kutoka chini. Yakachemka, yakatulia, yakachemka tena kwa kishindo kidogo, na baada ya dakika chache, huku bado yanachemka, yakaganda. Barafu ilitokea ghafla, ya ukungu, imevimba katikati pale povu la mwisho lilipokuwa linatoka. Mbishi na mwenzake wa barafu walitazamana.

Sababu ni ulipaji wa deni la joto. Kilo moja ya maji kugeuka mvuke inadai takriban kilojuli 2,500, na hakuna jiko la kuzitoa, kwa hiyo maji yanayobaki yanazilipa kwa kupoa. Kuganda kwa kilo moja kunaachia kilojuli 334 tu. Ukipiga mahesabu kuanzia maji ya nyuzijoto 20, kama sehemu moja kati ya saba inaondoka na mvuke na sita zinabaki barafu. Ukifungua chupa ya maji nje ya chombo hupati kinywaji. Unapata ukungu na vipande vya barafu.

Jioni fundi alichungulia kile kioo cha kuangalia mafuta ya pampu. Yalikuwa yamegeuka meupe. "Mwalimu, hii pampu umeinywesha," akasema. Mvuke wote tulioutoa kwenye sufuria unapita kwenye pampu, sehemu yake inageuka maji na kuchanganyika na mafuta, na pampu ikiwa na mafuta ya hivyo haifikii tena ombwe zuri. Alikuwa ametuonya tangu asubuhi kwamba mafuta mapya ni juu yetu, kwa hiyo gharama hiyo ipo kwenye daftari.

Jumapili usiku

Nimekaa na habari za mavazi ya anga, ili binti yule apate jibu lake kamili.

Desemba 14, 1966, huko Houston, fundi wa majaribio Jim LeBlanc alikuwa amevaa vazi la anga ndani ya chumba cha ombwe cha NASA, shirika la anga la Marekani. Bomba la hewa likachomoka, vazi likapoteza hewa. Alibaki na fahamu kwa takriban sekunde 14. Kitu cha mwisho alichokumbuka ni mate yakichemka juu ya ulimi. Wenzake walirudisha hewa haraka, akazinduka, akaishi. Kisa hicho nakiweka kwenye kadi ya meza ya kwanza, karibu na sufuria, kwa sababu kinaeleweka vizuri zaidi baada ya kuona ile bilauri.

Kwa hiyo nje hunywi kwenye ombwe, unakunywa ndani ya vazi lako. Vazi la Wamarekani la kutokea nje lina oksijeni tupu ya kilopaskali 29.6 hivi. Ni chini ya theluthi moja ya hewa ya baharini, lakini kwa kanieneo hiyo maji hayachemki mpaka nyuzijoto 69, kwa hiyo maji baridi yanatulia mfukoni bila tabu. Mfuko wenyewe unabeba karibu lita moja, umenatishwa kifuani kwa upande wa ndani, na mrija unaishia karibu na kidevu. Unainamisha shingo, unauma vali ya ncha, unanyonya, unaachia. Mikono haihusiki, na isingeweza, imefungiwa ndani ya glavu za vazi. Kazi ya nje huwa ya saa sita na nusu au zaidi, na hicho ndicho kinywaji chote.

Halafu kuna Luca Parmitano. Hapa nilisoma mpaka chai ikapoa.

Julai 16, 2013, Mwitaliano huyo alikuwa nje ya kituo pamoja na Chris Cassidy. Akaanza kuhisi ubaridi nyuma ya kichwa. Maji. Washukiwa walikuwa wawili: jasho, au mfuko wa kunywea. Mfuko ndio uliolaumiwa kwanza, tena wiki moja kabla, baada ya matembezi mengine ya nje, maji yalikutwa kwenye kofia ileile na lawama ikaenda kwa mfuko huohuo. Safari hii maji yaliendelea kuongezeka. Duniani yangeshuka shingoni, yakalowesha fulana, basi. Kule hayana pa kushukia. Yalinatana na ngozi na nywele, yakatambaa kutoka kisogoni hadi masikioni, kisha machoni, kisha puani. Jua likazama, kwa sababu kituo kinazunguka dunia kwa dakika 90 hivi na usiku huja upesi, na Parmitano akarudi mlangoni kwa kufuata kamba yake ya usalama, haoni, hasikii vizuri, na hana uhakika pumzi inayofuata itakuwa hewa au maji. Matembezi yalidumu saa 1 na dakika 32. Ilikadiriwa maji yalifika hadi lita moja na nusu.

Mfuko haukuwa na hatia. Kosa lilikuwa kwenye mfumo wa kupooza vazi: matundu madogo ya kifaa kinachotenganisha maji na hewa yalikuwa yameziba kwa uchafu wa silika, maji yakapita njia ya hewa. Baada ya hapo kofia zikawekewa pedi ya kufyonza maji kisogoni, na vazi likaongezewa bomba la plastiki kutoka mdomoni kwenda chini kiwiliwilini, ili maji yakifika usoni mtu avute hewa iliyo sehemu ya chini ya vazi. Sasa ndani ya kofia kuna mirija miwili, wa kunywea na wa kupumulia, na ni sharti usiichanganye.

Kisa hiki nakitia kwenye meza ya pili. Vazi halikuvuja hata tone la hewa, ombwe halikuhusika kabisa. Ni maji yasiyo na uzito.

Alhamisi: kikombe

Novemba 2008, Don Pettit, mhandisi wa kemikali aliyekuwa akihudumu kama mwanaanga, alikuwa kituoni katika safari ya chombo cha NASA iliyoitwa STS-126. Alichoka kunyonya kahawa kutoka kwenye mfuko. Kahawa ya mfuko haina harufu, na nusu ya kahawa ni harufu. Akachana ukurasa wa plastiki ang'avu kutoka kwenye kitabu cha taratibu za safari, akaukunja, akaubandika kwa utepe, akapata chombo ambacho ukikikata kwa upana ni umbo la chozi: upande mmoja wa mviringo, upande wa pili kona kali inayoanzia chini hadi mdomoni. Akamimina kahawa, akanywa kwa midomo kama mtu mzima. Video yake ipo.

Siri ni ile kona. Maji yana mvutano wa uso: chembe za juu zinavutana na kuubana uso mzima, na pia zinashikana na ukuta. Hapa duniani nguvu hiyo inashinda katika vipimo vya milimita mbili tatu tu, ndiyo maana unaona maji yamepanda kidogo ukingoni mwa glasi. Zaidi ya hapo uzito unatawala. Uzito ukiondoka, mvutano wa uso unatawala kikombe kizima. Kinywaji kinatafuta kona na kupanda nayo, hakuna cha kukizuia, mpaka ukingoni. Ukigusa ukingo kwa midomo, midomo nayo inakuwa sehemu ya ile kona, na kinywaji kinaendelea na safari yake kuingia mdomoni. Unapopiga funda, nafasi inajazwa na kinachofuata.

Siyo kila kona inafaa. Wanahisabati wawili wa California, Paul Concus na Robert Finn, walionyesha 1969 kwamba kuna mpaka mkali. Chukua pembe ambayo tone la kimiminika linafanya na ukuta, jumlisha nusu ya pembe ya kona. Ikizidi nyuzi 90, kimiminika kinakaa tu. Ikiwa chini ya 90, kinapanda bila kikomo. Ninachokipenda ni kwamba hakuna hali ya katikati.

Basi tukapima. Tuliweka tone la maji juu ya kava la plastiki la kubaindia, lile la duka la stesheneri, tukalipiga picha kutoka ubavuni, tukaweka kipimapembe juu ya skrini ya simu. Ikaja takriban nyuzi 75. Maana yake nusu ya kona isizidi 15, na kona nzima isizidi 30. Tumekata ya 25. Kukunja ni rahisi. Kazi ni mshono. Selotepu ikipita kwa ndani, ukingo wake unafanya kijikona cha pili na maji yanapotelea huko. Mshono umekaa nje, juu kabisa ya upande wa mviringo, mbali na kona inayohusika.

Kikombe cha Pettit baadaye kilifanyiwa kazi na Mark Weislogel wa Chuo Kikuu cha Portland State na wenzake, na matoleo ya kuchapishwa kwa printa ya 3D yalipelekwa kituoni 2015. Mei 3 mwaka huo Samantha Cristoforetti alikunywa espreso iliyopikwa hukohuko juu, kwa mashine ya ISSpresso iliyotengenezwa na Argotec na Lavazza pamoja na Shirika la Anga la Italia. Ndilo shirika hilohilo lenye kituo chake kwenye pwani ya Kenya, Ngomeni karibu na Malindi. Pettit mwenyewe hakuchoka. Alirudi tena angani 2024 na kutua Aprili 20, 2025, siku aliyotimiza miaka 70.

Jumamosi: kudondosha

Mnara wetu ni ngazi za ghorofa, mita 3 kutoka reli ya juu hadi chini. Kuanguka umbali huo kunachukua sekunde 0.78. Ni kidogo, lakini je, kinatosha? Kwa kikombe cha ukubwa wa sentimita moja kuanzia katikati hadi ukutani, muda ambao maji yanahitaji kujipanga upya kwa mvutano wa uso ni kama sekunde 0.12. Inatosha. Simu inapiga picha 240 kwa sekunde, kwa hiyo tunapata picha zaidi ya 180 za maji yasiyo na uzito. Pale Bremen, Ujerumani, wana mnara wenye sekunde 4.74, na wakilirusha boksi lao juu kwanza kwa manati wanazifanya 9.3. Sisi tuna godoro kuukuu na magunia ya pumba.

Boksi ni la plaiwudi. Ndani kuna kikombe, taa ndogo, simu iliyofungwa kwa sponji, na tofali. Vijana waliuliza tofali la nini. Hewa inalizuia boksi linapoanguka, na boksi jepesi linazuiwa zaidi. Kwa kilo 8, mwishoni mwa anguko kinachobaki ndani ni uzito wa asilimia chache tu, ambao kikombe kidogo hakiujali. Bila tofali tungekuwa tunapiga picha za maji mazito.

Kuachia nako kuna ufundi. Mkono wa mtu unatikisa. Tumelining'iniza boksi kwa uzi mmoja wa nailoni, tukasubiri maji yatulie kabisa, kisha uzi ukachomwa kwa kiberiti. Unakatika bila kusukuma upande wowote.

Halafu kundi zima limeinamia simu moja. Picha za mwanzo, uso wa maji ni bapa, kwenye kona pamepanda milimita chache. Uzi umekatika. Bado bapa, bado, kisha kingo zote zinainuka kwa pamoja na katikati panazama, maji yote yanaonekana kusita, na ulimi mwembamba unaanza kupanda kwenye kona. Unaenda kwa kasi mwanzoni, unapungua, haukomi. Karibu na mwisho umefika ukingoni na kufanya kinundu pale ambapo mdomo ungekuwa. Picha inayofuata ni godoro na vurugu.

Chai ya maziwa ilipanda vizuri kuliko maji. Mafuta na protini za maziwa zinapunguza mvutano wa uso na chai inatandaa kwenye plastiki kirahisi, kwa hiyo inakuwa mbali zaidi na ule mpaka wa nyuzi 90. Kikombe cha kulinganisha, cha mviringo bila kona, kilipandisha chai kidogo pande zote na kuiacha hapo. Kona ya nyuzi 60 nayo ilikaa tu, kama Concus na Finn walivyosema.

Jumatatu, kwa ufupi

Wameuliza kuhusu soda. Julai 1985, katika safari ya STS-51-F ya chombo Challenger, Coca-Cola na Pepsi zote mbili zilipelekwa angani katika makopo maalumu. Hazikuwafurahisha wanaanga. Friji ya vinywaji haikuwepo, na povu halipandi juu kwa sababu hakuna juu. Gesi inabaki imechanganyika na soda, ndani ya kopo na ndani ya tumbo pia. Tumboni hewa haikai juu ya chakula, kwa hiyo ukicheua unacheua vyote. Kadi moja inatosha, na nimemwachia mbishi aiandike.

Wameuliza pia maji yanatoka wapi. Chombo cha safari ileile ya kikombe cha Pettit, 2008, ndicho kilichopeleka mitambo ya kusafisha mkojo, jasho na unyevu wa pumzi kuwa maji ya kunywa. Wanaanga walianza kuyanywa Mei 2009. Kufikia 2023 mfumo mzima ulikuwa unarudisha asilimia 98 ya maji. Tangazo hilo litakaa mwisho wa meza ya pili, baada ya wageni kuonja, si kabla.

Ijumaa: mpangilio wa mwisho

Meza ya kwanza: chupa ya kioo na ile laini kwa ajili ya wageni kunyonya wenyewe, mirija mipya kwa kila mtu. Sufuria inawashwa kila nusu saa, na ni fundi peke yake anayegusa pampu. Amekubali kukaa nasi siku nzima na ameshaanza kuwaeleza watu kuhusu LeBlanc kana kwamba walisoma naye.

Meza ya pili: video ya kona kwenye kompyuta, inajirudia. Karibu yake vikombe vya plastiki vya kukunja, mgeni anakunja chake kwa kielelezo cha nyuzi 25, anapewa na kile cha nyuzi 60 alinganishe. Kudondosha boksi tutafanya mara moja asubuhi na mara moja mchana, kwenye reli ya juu akisimama mtu mzima, na eneo la chini limezungushiwa kamba.

Binti mwenye swali ndiye atakayevaa lile vazi la maboksi lenye mfuko wa maji kifuani. Amejaribu leo kunywa bila kutumia mikono na ameomba mrija uongezwe urefu wa vidole viwili.

Vilivyobaki: mafuta ya pampu lita moja, nailoni, betri za taa, maziwa. Sponji ya simu ibadilishwe, ya sasa imeshalala upande mmoja.